Gemu ya PS1 ikigoma, anzia kwenye .cue

Wadau wa gemu za zamani hapa Nairobi, kabla hujapeleka kompyuta kwa fundi wa Luthuli Avenue eti emuleta (programu inayoiga mashine ya gemu kwenye kompyuta) imekufa, fungua folda ya gemu kwanza. Gemu ya PS1 (PlayStation ya kwanza) mara nyingi huja na mafaili mawili: .bin lenye data yenyewe, na .cue ambalo ni maandishi matupu. Unalofungua kwenye emuleta ni .cue. Ukibadilisha jina la .bin, .cue linaendelea kutafuta jina la kale, na gemu haifunguki. Lifungue kwa Notepad, utaona mstari kama huu:

FILE "gemu.bin" BINARY

Jina lililo ndani ya alama za kunukuu lilingane na la faili herufi kwa herufi. Linux hutofautisha hata herufi kubwa na ndogo, ndiyo maana kilichocheza kwenye Windows kinaweza kugoma huko.

Jina likiwa sawa, kagua BIOS, yaani faili la programu ya kuwashia PS1 yenyewe. RetroArch, programu inayoendesha emuleta nyingi, huitafuta kwenye folda ya system. Kwa mfano scph5501.bin, ukubwa wake ni bayti 524,288 kamili. Ikipungua, haikunakiliwa yote.

Gemu za arcade (zile za mashine kubwa za kumbi za michezo) ni kinyume: zip usiifungue wala usiibadilishe jina, kwa sababu MAME, emuleta ya gemu hizo, huitambua gemu kwa jina hilo. Romu (hayo mafaili ya gemu) isipolingana na toleo lako la MAME, utahangaika bure.

Gemu ya PS2 ikigoma kunakilika kwenye fleshi, shuku fomati ya fleshi: ile ya FAT32 haipokei faili la GB 4 kwenda juu. Hamisha vitu vyako, kisha ifomati iwe exFAT.