Kundi la WhatsApp la wazazi: pangeni haya kabla muhula haujaanza

Walimu wenzangu wa Uganda, msimwage namba za wazazi wote kwenye kundi moja la shule nzima. Fungueni la darasa, tuseme P4 (darasa la nne la msingi) peke yake, kisha kwenye mipangilio wekeni wasimamizi pekee ndio watume ujumbe. Bila hivyo tangazo la kikao linazama chini ya salamu na video kabla jua halijawa utosini.

Orodha ya matangazo (broadcast list), ile inayompelekea kila mzazi ujumbe uleule kivyake bila kundi, nayo ina mtego. Inabeba watu 256, lakini ujumbe unamfikia tu mzazi aliyehifadhi namba ya mwalimu kwenye simu yake. Ndiyo maana mzazi analalamika hakuambiwa, na mwalimu anaapa alituma. Wote wawili wanasema kweli. Kikao cha kwanza, andikeni namba ubaoni, kila mtu aihifadhi palepale kabla ya kuondoka.

Ujumbe wa sauti usizidi dakika moja. Kwa asiyesoma Kiingereza, sauti ya Kiswahili au Luganda inaeleweka kuliko barua yenye muhuri. Video punguzeni, bando la mzazi ni la kuhesabu.

Mwenye simu ya kitochi msimwache nyuma. Huyo ni SMS, herufi 160, zikizidi zinatozwa kama ujumbe wa pili: "Kikao P4 Ijumaa saa 8 mchana. Njoo na daftari la hesabu."

Alama, deni la karo, ugonjwa wa mtoto: mtumieni mzazi wake peke yake, kamwe si kundini.