Siku moja maishani mwangu: mguu unalia, kosa liko kiunoni

Saa 12 asubuhi. Nimesimama kwenye mwendokasi kutoka Kimara, kiwiko cha mtu kiko mbavuni mwangu. Kazi yangu ni fiziotherapia, kutibu mwili kwa mazoezi. Wagonjwa wananiita dokta, nami nimechoka kuwasahihisha.

Saa 2. Wa kwanza ni kuli wa Kariakoo, miaka 34. "Dokta, mgongo ulishapoa, sasa ni mguu tu." Wiki tatu anauchua kwa mafuta ya karafuu. Maumivu yanashuka kama shoti ya umeme kutoka takoni, ubavuni mwa paja, hadi upande wa juu wa unyayo. Akikohoa, yanazidi.

Namlaza chali, nainua mguu ukiwa umenyooka. Haujafika nyuzi 40, ameshang'ang'ania kitanda. Kisha namwambia avute vidole gumba vya miguu kuelekea kwake, nami nizuie. Cha kulia kinanishinda. Cha kushoto nakishusha bila nguvu. Hapo akanyamaza.

Nilimweleza kwa embe, maana pingili za mgongo za plastiki tunazoonyesha hazimwambii mtu kitu. Diski ni kama embe bivu lililobanwa kati ya pingili mbili: ganda gumu nje, rojo ndani. Ganda likichanika, rojo linachomoza, mara nyingi kwa nyuma, pembeni kidogo, palepale inapopita mizizi ya neva. Diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno kwa kawaida haigusi mzizi wa nne, kwa kuwa huo umeshatokea juu yake. Inaukamata wa tano, ulio safarini kwenda chini. Na wa tano ndio unaoinua kidole gumba.

Mzizi ukibanwa, vijishipa vya damu vinavyoulisha navyo vinabanwa, unavimba. Rojo lenyewe nalo lina kemikali zinazouwasha. Ndiyo maana uvimbe mdogo waweza kumliza mtu, na mwingine ana diski iliyochomoza kwenye picha wala hana habari. Mzizi ukizidi kubanwa, kwanza ganzi, kisha amri ya ubongo haifiki mguuni.

"Nitapasuliwa?" Wengi wanapona bila kisu, ndani ya wiki chache, rojo likinyauka lenyewe. Ila kidole kilicholegea sikichezei. Nikampeleka kwa daktari.

Saa 7. Ugali, dagaa, dakika kumi.

Saa 8. Mama lishe, amekuja kwa mazoezi. Kuna jambo aliona haya kuniambia mimi, rika la mwanawe, akamnong'oneza dada wa mapokezi: tangu jana mkojo hautoki, na akikaa hahisi kiti. Niliacha mazoezi, nikamsukuma mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu hadi dharura. Diski kubwa ikichomoza katikati, inabana fungu zima la mizizi linaloning'inia mwisho wa uti kama mkia wa farasi. Hapo kila saa ina bei yake: kibofu kikilala muda mrefu, huenda kisiamke tena. "Mwanangu, mbona unakimbia?" aliniuliza njiani.

Saa 10. Dharura wamepiga simu: ameingizwa kwenye picha.

Nje, kuli bado yuko kwenye benchi. Karatasi ya MRI, ile picha ya ndani ya mgongo, iko mkononi, imekunjwa mara nne.

"Dokta, kesho gunia moja tu, la kilo 50? Tajiri halipi mtu aliyelala."