Maji ya Entebbe mwezi wa saba

Watu wakisikia ikweta wanadhani Ziwa Victoria liko vilevile mwaka mzima, na kweli tofauti ni ndogo, nyuzi 24 hadi 27 hivi, ila ingia kuogelea Entebbe asubuhi mwezi wa saba ndo utajua baridi, maana Juni mpaka Agosti upepo wa kusini unachanganya maji ya chini na ya juu, na mawimbi nayo si mchezo. Mi napenda Machi, uvuguvugu mtupu. Ukitaka baridi yenyewe panda Ziwa Bunyonyi, kusini magharibi mwa Uganda, zaidi ya mita 1,900 juu ya bahari, utatetemeka lakini kichocho hakisumbui kama huku. Huku kaa mbali na matete bwana, konokono wa kichocho wanapenda hapo, na ukishaogelea kapime baada ya miezi miwili mitatu, dawa ipo, prazikwanteli.