Swali Nililotaka Kuliruka

Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kuwaona wagonjwa bila msimamizi kando yangu. Alasiri moja aliingia mama wa miaka 43, akitembea kwa kuegemea bega la mwanawe wa kiume. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa ameonwa kwingine, akapewa vidonge vya kutuliza maumivu na kuambiwa alale kitandani, ushauri ambao ulikuwa umekwisha kuachwa, kwa kuwa kulala siku nyingi hakuusaidii mgongo. Katika karatasi aliyonipa paliandikwa "maumivu ya mgongo", basi.

Wengi wanaoumwa mgongo hawana ugonjwa wa hatari, na kazi ya anayewapima ni kuwatambua wale wachache walio nao. Kwa hiyo nilimuuliza kama amewahi kuugua saratani, kama amepungua uzito bila sababu, kama ana homa, kama ameanguka, kama ametumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Yote alikana. Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka nyuma ya paja la kushoto hadi ukingo wa nje wa unyayo. Tangu juzi yake, alisema, hata mguu wa kulia ulikuwa umeanza kuuma. Nilipouinua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka, alinizuia kabla haujafika nyuzi 40. Nilipouinua wa kulia, maumivu yaliruka upande wa kushoto. Nilipogonga kano ya kisigino cha kushoto kwa nyundo ndogo ya mpira, unyayo haukushtuka hata kidogo, wala hakuweza kusimama kwa ncha za vidole vya mguu huo.

Picha ilikuwa imejengeka akilini: diski, yaani kile kisahani laini kilicho kati ya pingili mbili za mgongo, imechomoza na kubana mzizi wa neva, hali ambayo mara nyingi hupoa bila upasuaji. Nilikuwa nimeshashika kalamu. Lilibaki swali la haja ndogo na kubwa, na nakiri nilitaka kuliruka, kwa sababu mama huyu alikuwa na umri wa kuweza kunizaa na mwanawe alikuwa amesimama pale pale. Nilimwomba kijana atupishe, kisha nikauliza.

"Tangu jana asubuhi sisikii haja ndogo, daktari," alisema taratibu. "Nikiminya tumbo ndipo unatoka kidogo. Na nikijisafisha, ni kama ninamgusa mtu mwingine."

Nilimuuliza kwa nini hakuanza na hilo. Alinijibu kwamba yeye amekuja kwa ajili ya mgongo, na hayo aliyaona ni mambo mengine.

Uti wa mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo hushuka fungu la neva linaloitwa kauda ekwina, yaani mkia wa farasi, na ndani yake zimo zinazoleta hisia za sehemu za siri na kuongoza kibofu na njia ya haja kubwa. Diski ikilibana fungu hilo lote, kila saa ina thamani. Nilimwita muuguzi awe shahidi, nikapima hisia kwa pamba na pini kuzunguka makalio: upande wa kushoto hakusikia kitu, wa kulia alisikia kwa mbali. Mpira wa mkojo ulitoa mililita 800, ingawa alikuwa ametoka chooni muda si mrefu.

Nilimpigia simu daktari wa upasuaji aliyekuwa zamu, nikaanza kumweleza habari za mguu. Alinikatiza: "Mkojo je?" Kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, kilifanyika jioni ile, na kabla ya alfajiri alikuwa amekwisha kufanyiwa upasuaji.

Baada ya wiki sita alirudi akitembea mwenyewe. Kibofu kilikuwa kimeanza kutii, lakini ganzi ya upande mmoja ilibaki. Tuliipitia tena karatasi yake ya kwanza. Siku ile hakuwa na ganzi, hivyo hata angeulizwa, jibu lingekuwa hapana. Alichokosa ni mtu wa kumwambia dalili za kumrudisha hospitali mara moja.

"Ningeambiwa," alisema, "nisingengoja hadi kesho yake."