Betri ya laki tatu na magadi ya shilingi ishirini

Taa ya hitilafu ilinikamatia Gongoni, alfajiri, nyuma ya pikapu yangu ya dizeli nina makasha manne ya nguru na kolekole kutoka Ngomeni na barafu ishaanza kudondoka. Dashibodi ikaandika kuna hitilafu kwenye mfumo wa haibridi, yaani ule wa mota ya umeme inayosaidia injini. Gari haikuzima wala haikupoteza nguvu ya kuhangaisha. Nikashusha samaki Malindi kama kawaida, kisha nikaanza kuogopa.

Kesho yake nikaipeleka Mombasa kwenye gereji kubwa, jina nimelisitiri. Kijana akachomeka kompyuta, akasoma namba mbili za hitilafu, akaingia ofisini. Karatasi aliyorudi nayo ilisema betri ya volti 48, laki tatu na arubaini, kuagiza wiki sita, ufundi mbali, nusu ya pesa mbele. Karibu bodaboda mbili mpya hizo! Nilirudi nyumbani sikusimama hata Mtwapa kunywa chai.

Walioniuliza kwani pikapu ya dizeli ina betri gani ya bei hiyo, haya. Hii haibridi ni ile ndogo. Huichomeki ukutani, na haitembei kwa umeme peke yake hata hatua moja. Ina mota iliyofungwa kwa mshipi pale altaneta, ile inayochaji betri, ingekaa. Ukikanyaga breki, mwendo unageuka umeme. Ukiondoka, mota inaisukuma injini kidogo. Ya Toyota Hilux ya volti 48, kwa mfano, ina mota ya kilowati 12, na betri yake yenye uzito wa kilo 7.6 inakaa chini ya kiti cha nyuma. Kilo saba na ushee ni nguru mmoja, tena si wa kupigia picha.

Na humo ndani umeme wenyewe ni haba. Betri ya Ram 1500, pikapu ya Marekani, inabeba watisaa 430. Piga hesabu ya N70, betri ya asidi ya kawaida ya dukani: volti 12 mara ampea-saa 70, unapata watisaa 840. Yaani betri ya kutisha ina nusu ya umeme wa ile ya asidi unayoibeba kwa mkokoteni! Bei haitoki kwenye umeme. Unauziwa kasha zima lililofungwa pamoja na kompyuta yake, huwezi kubadilisha seli moja, na hapa pwani hakuna anayeiweka stoo.

Jirani akanituma kwa fundi mmoja Maweni, mzee anayefanyia kazi chini ya mwarobaini. Hakuitazama karatasi yangu. "Mwanangu, hii ya mbele walikupimia?" Ya mbele ipi? Akafungua boneti, akagusisha mita kwenye betri ya volti 12: 11.7, injini imezimwa. Nzima inatakiwa isome 12.6 hivi. Kisha akaufuata waya wa athi, yaani ule wa hasi, mpaka pale unapofungwa kwenye bodi, akaniita niinamie. Kichwa cha waya kilikuwa kimeota unga wa kijani, na bolti imevimba kutu. Si ajabu. Ngomeni tunateremka na gari hadi mchangani, na njia nzima ya Gongoni unapumua chumvi.

Akanieleza kwa maneno machache. Kompyuta ya betri kubwa huamshwa na betri ndogo. Ndogo ikiwa hoi, au athi ikiwa mbovu, kubwa inalalamika hata kama haina ugonjwa.

Akamtuma mtoto dukani alete magadi ya shilingi ishirini, haya haya tunayopikia maharagwe, akayakoroga kwenye maji ya moto na kumwagia vichwa vya betri. Vikatoa povu kama soda. Akapiga msasa kichwa cha waya mpaka shaba ikang'aa, akafunga bolti mpya, akapaka grisi. Betri ndogo ilikuwa imechoka, nikanunua nyingine kwa elfu kumi na tano na mia tano. Tukafuta zile namba za hitilafu, tukaenda hadi daraja la Sabaki na kurudi. Taa haijawaka tena, na sasa ni mwezi wa tatu tangu siku ile.

Sisemi ile kubwa haitakufa. Ni ya litiamu, na litiamu haipendi joto, na gari yangu hulala juani. Kinachoisaidia ni kwamba kompyuta haiiachi ijae pomoni wala iishe kabisa. Fundi alipoinua kiti cha nyuma alikuta mkeka, magunia mawili na kofia ya mwanangu vimebanwa palepale feni ya hiyo betri kubwa inapovutia hewa. Hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe, na mama watoto hajaacha kunikumbusha. Na unayetaka kuagiza gari iliyotumika, kumbuka Kenya inaruhusu gari isiyozidi miaka 8. Ukileta ya miaka saba, umenunua na betri ya miaka saba, iliyolala juani kwa mtu usiyemjua.

Juzi nikiwa Ngomeni napima samaki, simu ya Mombasa ikalia. "Kaka, ile betri tuagize?" Nikamuuliza siku ile betri ya mbele ilisoma volti ngapi. Akasema nisubiri aangalie karatasi. Hajapiga tena.