Unga wa mashine ya mtaani

Jumamosi nilipeleka debe la mahindi mashineni, hapa Manzese. Nikamuuliza kijana wa mashine kama wanaweka virutubishi. Ilibidi azime mashine ndipo anisikie. "Dada, sisi tunakoboa na kusaga tu. Hivyo ni vya viwandani."

Niliuliza kwa sababu ya mtoto wa mdogo wangu. Alizaliwa na mgongo wazi, akapasuliwa Muhimbili akiwa na siku chache. Sasa ana miaka minne, bado hajasimama mwenyewe. Kule wodini kila mama alikuwa anajiuliza alikosea wapi. Daktari akatueleza: uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Siku hizo mwanamke hata hajajua kama ana mimba. Mdogo wangu alianza kliniki mimba ikiwa ya miezi minne, akapewa fefo, vidonge vya madini chuma na vitamini iitwayo foliki asidi, akameza vyote bila kuruka siku. Lakini siku zile 28 zilishapita. Si kila mgongo wazi unatokana na upungufu wa foliki asidi, lakini mwingi unazuilika.

Ndiyo maana kanuni za mwaka 2011 zilitaka unga wa ngano na wa mahindi uongezwe foliki asidi, madini chuma, zinki na vitamini B12. Ngano inasagwa na viwanda vichache vikubwa; mkaguzi anajua wapi pa kubisha hodi. Lakini mtaani kwetu chakula ni ugali. Mahindi tunanunua Tandale au tunatumiwa na ndugu kwa basi, tunasagisha kwenye vibanda vya mashine vilivyojaa kila kona. Na tunakoboa! Kiini na pumba, penye virutubishi vingi, tunawaachia kuku, sisi tunabaki na sembe nyeupe. Shangazi mpaka leo anasema dona ni chakula cha bweni.

Kipo kifaa kidogo kinachofungwa kwenye mashine, kinadondosha virutubishi kadiri unga unavyotoka. Wanaotoa leseni za mashine waanzie hapo, na gharama asibebeshwe mwenye mashine peke yake, maana ataihamishia kwenye kilo yetu.

Nilimwambia kijana asikoboe, asage dona.

Mdogo wangu anataka mtoto wa pili. Safari hii daktari amemwandikia foliki asidi ya dozi kubwa, ameanza kuimeza kabla ya mimba. Katika nyumba aliyopanga wapo wasichana wengine watano, wote wanasagisha mashine ileile. Wao hawajaandikiwa na mtu.