Chini niweke 90 au 140?

Juzi usiku kuna mdau wa Nansio kanipigia, kanunua mashine ya boti ya hospawa 150 ya mtumba, na kitu cha kwanza kuniuliza ni "kaka, huku chini niweke 90 au 140?" yani namba ya oili ya gia. Nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kulikoni. Swali hilohilo ndo niliuliza mimi kwenye duka moja hapa mjini Mwanza mwaka juzi, na jibu nililopewa liliniingiza kwenye hasara ambayo nikiikumbuka nashika kichwa.

Ngoja nianzie mbali kidogo kwa ambao hamjui habari za maboti. Hizi mashine za kufunga nyuma injini inakaa juu, inazungusha shafti inashuka mpaka majini, huko chini kuna gia ndogo, pinioni, inakutana na gia mbili, ya kwenda mbele na ya rivasi, hapo ndo mzunguko unakata kona ya digrii 90 kwenda kwenye propela. Yangu ni Yamaha F150, gia zake ni mbili kwa moja, yani injini ikiwa raundi 5500 propela inazunguka 2750, na hospawa zote 150 zinapita kwenye meno machache tu yaliyogusana kwa wakati huo. Na oili inayolinda hayo meno haifiki lita moja! Ukiimimina kwenye ile chupa kubwa ya maji ya kunywa inabaki nafasi.

Zamani nilikuwa na Enduro 40 ya tusitroku kwenye boti ya mbao, nabeba samaki kutoka Kome na Maisome kuja Mwanza. Kule chini niliweka chochote kilichokuwepo, kuna siku niliweka hata oili ya injini iliyobaki kwenye dumu, na mashine ikaenda tu. Ile ilinilemaza. Nilipopata boti ya faiba na hiyo 150 nikadhani mambo ni yaleyale isipokuwa tunafika mapema.

Muuzaji wa dukani alijibu kwa kujiamini kabisa. "Mashine kubwa bosi, weka 140, nzito inashika." Ni ile oili ya difu wanayoweka kwenye malori. Nami nikajiona nimeelewa, 140 si ni kubwa kuliko 90, na 90 si ni zaidi ya mara mbili ya ile namba 40 ya injini? Kumbe namba za gia na namba za injini ni mizani mbili tofauti, gia oili namba 90 uzito wake ikishapata moto unalingana na oili ya injini ya 40 au 50 hivi, walipanga namba zisifanane ili watu wasichanganye na sisi tukachanganya hivyohivyo. Sasa ukiweka 140 kwenye giaboksi iliyotengenezwa kwa 90 gia zinakuwa kama zinasonga ugali, nguvu inapotea kwenye kukoroga, na nguvu ikipotea inageuka joto.

Lakini uzito peke yake haukuniua. Kilichoniua ni maji.

Kama wiki saba baadae nilipita sehemu karibu na Igombe, jioni, nikahisi propela imekamata kitu ikaachia. Nikaendelea na safari. Ni uzi wa timba, mnazijua zile nyavu za plastiki, uzi ukijizungusha nyuma ya propela unaingia taratibu kwenye shafti unakata sili kama wembe, na hutosikia mlio wowote. Afu boti ikakaa wiki mbili nimeenda msibani Sengerema. Kurudi nikiweka gia inalia chini kama mtu anasaga mawe.

Nikaipeleka Kirumba kwa mzee mmoja fundi, mtu wa Ukerewe, haongei sana. Akakata chupa ya maji katikati akaitega chini, akafungua skrubu ya chini kidogo kidogo. Kwanza yakatoka maji. Maji masafi kabisa, kama nusu kikombe. Afu ndo ikafuata oili, imekuwa kama kahawa. Akachovya kidole, akanusa, akaniangalia.

"Kijana, hii ya lori umeweka wewe?"

"Shikamoo mzee, ndio, niliambiwa mashine kubwa…"

"Marahaba. Kubwa ndiyo. Ila lori halitembei ndani ya maji."

Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho muuzaji hakukijua au hakujali. Oili ya gia ya boti inawekwa dawa ya kushikana na maji, yakiingia kidogo yanachanganyika nayo, inageuka rangi ya maziwa lakini inaendelea kukaa kwenye chuma na kukilinda kiasi mpaka ufike nyumbani, na ina dawa ya kuzuia kutu. Ile yangu ya difu iliyaachia maji yakajitenga, boti ikiwa imesimama yakazama chini na kukaa kwenye beringi wiki mbili nzima. Watu wanasema ziwa letu halina chumvi kwahiyo hakuna kutu, sawa, njoo uone ile beringi ilivyokuwa. Kwenye ile skrubu yenye sumaku hakukuwa na ule unga laini wa kawaida, vilikuwa vipande, kimoja kinaonekana kabisa ni ncha ya jino. Nilibadilisha gia ya mbele, pinioni, beringi na sili zote. Hela yake sitaki kuitaja, mke wangu huwa anasoma hapa.

Kwahiyo mdau wa Nansio nilimwambia hivi. Namba ni 90, au 80W-90 kama kitabu cha mashine kinairuhusu, na iwe imeandikwa ni ya maboti. Afu angalia GL, yani daraja la oili ya gia, limeandikwa kwenye kopo. Kwenye mashine nyingi Yamaha wanaandika kitabuni hypoid (ni jina la oili ya gia) SAE 90 GL-4, kuna kubwa wanataka GL-5. Watu wanadhani GL-5 ni bora kwasababu 5 iko juu ya 4, hapana jamani. GL-5 ina dawa nyingi zaidi ya salfa na fosforasi (ndo inayonuka vile), ile dawa inafanya kazi meno yakibanana mpaka yakapata moto, inajenga utando chuma kisile chuma. Ilikusudiwa difu za magari ambako pinioni imekaa pembeni na meno yanateleza sana. Tena zikipata joto sana, baadhi ya hizo dawa zinashambulia vyuma vya njano, shaba na bronzi. Kwahiyo fuata kitabu. Huna kitabu? Kipo kwenye intaneti, andika modeli ya mashine yako, ni dakika tano.

Kwa wenye boti za kasi kweli kweli, oili ya sintetiki, ile ya kutengenezwa kiwandani, mi naona ina maana. Ukikimbia full muda mrefu boti imenyanyuka na umeinyanyua na mashine kwa trimu, giaboksi nayo inapanda karibu na juu, maji yanayoipoza yanapungua wakati huohuo mzigo ndo mkubwa, oili ya kawaida inachoka haraka. Mercury nao wana ya kawaida na wana nyingine wameiita High Performance, SAE 90, na hiyo ndo wanayotaka kwenye drive zao za Bravo, zile injini inakaa ndani ya boti. Bravo ina klachi ya koni inayoshika kwa msuguano, ukiiwekea oili yenye dawa ya kulainisha ya difu za LSD (zile zinazozuia tairi moja lisizunguke bure), koni inateleza, gia inakataa. Ila kama unabeba dagaa kwa mwendo wa konda wa daladala anayesubiri abiria, sintetiki ni kujionyesha tu, nunua ya kawaida ya boti na ubadilishe kwa wakati. Ya kwanza ikiwa mashine ni mpya masaa 10 au 20 kutegemea kitabu, baada ya hapo kila masaa 100 au miezi sita.

Na kujaza jamani, jazeni kutoka tundu la chini, mashine imesimama wima, mpaka oili itoke tundu la juu bila mapovu, afu funga la juu KWANZA ndo uchomoe mpira wa chini na kufunga. Ukimimina kwa juu unafungia hewa humo ndani na utajidanganya imejaa. Vile vipete vya kuziba kwenye skrubu (washa) badilisha kila mara, ni vya bei ya chapati.

Basi nikamwambia huyu mdau kabla hujanunua chochote fungua skrubu ya chini, kinga kidogo kwenye glasi nyeupe, nitumie picha. Picha ikaja saa moja asubuhi. Nyeupe, nzito, kama uji wa mtoto. Nikamwambia asiguse oili bado, atoe kotapini avue propela. Kimya kama nusu saa hivi afu ikaja picha nyingine, ameshika mkononi bunda la uzi wa kijani, limekaza limeng'aa kama plastiki iliyoyeyuka, chini ameandika "kaka huyu aliyeniuzia aliniambia imetoka service."